Kompyuta nyingi zashirikiana kuchungulia ndani ya fuvu la kale

MWEZI Septemba mwaka wa 2014, John Ekusi, Mkenya mwenye ujuzi wa kutafuta visukuku, aligundua fuvu dogo mithili ya limau huko Napudet, magharibi mwa Ziwa Turkana. Lilikuwa la mtoto wa kiumbe wa jamii ya masokwe aliyeishi miaka milioni 13 iliyopita.

Kulipasua kungekuwa kuliharibu. Hivyo basi, watafiti wakiongozwa na Dkt Isaiah Nengo walilipeleka Grenoble, Ufaransa, likapigwa eksirei zenye nguvu mno. Yalionekana meno ambayo yalikuwa bado hayajaota, na matabaka ya ukuaji wa meno hayo yakadhihirisha kuwa mtoto huyo alifariki akiwa na umri wa takriban mwaka mmoja na miezi minne. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2017.

Picha za namna hii si bapa kama za kamera. Hujengwa kwa chembe za mchemraba ziitwazo vokseli, na kila moja hubeba kipimo cha uzito wa mfupa au mwamba mahali pake. Mchemraba wenye vokseli 2,000 kila upande una vokseli bilioni 8. Iwapo kila moja itachukua baiti 2, jumla ni gigabaiti 16. Ukitaka kuona kwa undani maradufu, mzigo huongezeka mara nane na kufikia gigabaiti 128.

Kompyuta ya kawaida haina kumbukumbu ya kutosha kubeba mzigo huo. Suluhisho ni kuugawa.

Tuchukulie kwamba wachoraji wanne wametakiwa kuchora mtaa wa Kibera jinsi unavyoonekana kutoka kwenye reli, mmoja akipewa Makina, wengine Lindi, Laini Saba na Gatwekera. Kila mmoja anachora sehemu yake kwenye karatasi inayopenya mwanga. Kisha karatasi zinapangwa kwa utaratibu, ya kijiji kilicho karibu na mtazamaji ikitangulia na ya kilicho mbali ikifuata. Utaratibu huo ukivurugwa, nyumba za nyuma zitaonekana kana kwamba ziko mbele.

Vivyo hivyo, kila kompyuta huchora kipande chake cha fuvu, kisha hutuma picha bapa tu, ambayo ni nyepesi mno kuliko vokseli zenyewe. Picha hizo huunganishwa kwa kufuata umbali.

Hata hivyo, mgao sawa wa ukubwa si mgao sawa wa kazi. Mchoraji aliyepewa uwanja mtupu atamaliza mapema huku mwenzake akihangaika na mabati yaliyosongamana. Ndiyo maana data hukatwa katika vipande vingi vidogo, na kila kompyuta ikapewa vya aina mbalimbali.

Jambo hili lina uzito kwetu. Mtambo kama ule wa Grenoble ni ghali, lakini kuchora data yake hakuhitaji kompyuta moja ya ajabu. Kompyuta nane za kawaida zikiunganishwa, kila moja hubeba gigabaiti 2 tu za zile 16, na programu za kazi hiyo, kama vile ParaView, hutolewa bila malipo.

Kwa hivyo, chuo chochote jijini Nairobi chenye chumba cha kompyuta kinaweza kumfundisha kijana wa Kibera kuchungulia ndani ya visukuku vya nchi yake, badala ya kungoja wengine wamsimulie walichokiona.