Wauguzi hawana kazi, wodi hazina wauguzi

Wakubwa serikalini hawachoki kuwaambia vijana wasio na kazi: jiajirini. Muuza mboga anaweza kujiajiri. Muuguzi atajiajiri vipi bila wodi? Julai 2021 Kenya ilitia saini mkataba na Uingereza wa kuwapeleka huko wauguzi wake wasio na ajira, ilhali hospitali zake zenyewe zina upungufu wa wauguzi. Kazi ipo, fungu la mishahara ndilo halipo. Mjini Abuja, Aprili 2001, viongozi wa Afrika waliahidi kuitengea afya asilimia 15 ya bajeti. Kenya bado haijafika hapo. Sisi wa Uingereza tunatuma nyumbani pesa za matibabu, huku tukiuguzwa huku na waliosomea kwetu. Muuguzi hahitaji ushauri, anahitaji barua ya ajira.