Trekta Kuukuu: Massey Ferguson 35 au 135?

Matrekta madogo ya Massey Ferguson 35 na 135 yangali yakilima mashamba mengi ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa hufanana, mnunuzi asiye makini aweza kulipia moja akapewa jingine.

Modeli ya 35 ilitangulia katika miaka ya 1950. Ya 135 ilitokea mwaka 1964. Pua ya 35 ni ya mviringo, ya 135 ni ya mraba. Hata hivyo, boneti hubadilishwa, na rangi mpya huficha mengi. Ni heri kuitazama injini.

Injini ya dizeli huwa na nozeli moja kwa kila silinda, basi zihesabu. Matrekta ya 35 ya mwanzo yalikuwa na silinda 4, na yalijulikana kwa ugumu wa kuwaka penye baridi. Yaliyofuata yalipewa injini ya Perkins ya silinda 3, na 135 ya dizeli ikaendelea na injini ya ukoo huo, ikiwa na nguvu za farasi 45 hivi. Kabla ya kulipa, uliza bei na upatikanaji wa vipuri vya injini uliyoiona, si vya jina ulilotajiwa.

Chunguza klachi pia. Penye klachi ya hatua moja, ukiikanyaga, shafti inayoendesha zana husimama pamoja na trekta. Kwa plau hilo si tatizo; kwa mashine ya kukatia majani ni usumbufu mkubwa. Baadhi ya 135 zina mfumo wa gia wa Multi-Power, ambao ukiwa katika mwendo wa chini, injini haisaidii kuzuia trekta mteremkoni. Mwenye shamba la kilimani na apime breki kwanza.

Siku ya ukaguzi, fika na fundi wako, na uiguse injini kabla haijawashwa: ikiwa na joto, huenda ugumu wa kuwaka umefichwa. Moshi wa buluu usiokoma huashiria kuungua kwa oili. Nyanyua plau kwa haidroli, kisha zima injini. Plau ikishuka upesi, kuna mahali panapovuja.

Mengi ya matrekta haya hayana fremu ya kumkinga dereva trekta likipinduka. Gharama ya kuifunga ihesabiwe katika bei.

Mwisho, linganisha namba za trekta na hati za usajili, na udai risiti inayotaja modeli na namba hizo. Bila risiti, dai lako litakosa ushahidi.