Jino la Kwanza na Fizi Zinazouma

"Anaota meno huyo." Jirani akishasema hivyo, mazungumzo yamekwisha. Mtoto wa miezi saba akiharisha, anaota meno. Akichemka usiku, anaota meno. Akikataa uji, akivuta sikio, akilia bila kunyamaza, jibu ni lilelile, na mama anarudi ndani moyo ukiwa umetulia. Sura hii ni ya mama huyo. Nataka ajue namna ya kumtuliza mtoto ambaye fizi zinamuuma kweli, na ajue kuyatofautisha maumivu hayo na ugonjwa unaojificha nyuma ya meno. Maumivu ya jino ni madogo na tiba yake ni ndogo. Hali ikidai tiba kubwa, mara nyingi tatizo si jino.

Meno ya utotoni ni 20, na huanza kuumbika mtoto akiwa bado tumboni, kuanzia wiki ya sita hivi ya ujauzito. Siku anapozaliwa yamo tayari ndani ya mataya, yamefunikwa na ufizi. Wakati ukifika, jino halitoboi ufizi kwa ncha yake kama wengi tunavyodhani. Kifuko chembamba kinacholizunguka huamsha seli zinazomega mfupa ulio juu yake kidogo kidogo, kisha nyama ya ufizi nayo hupungua unene mpaka jino lipate njia. Kazi hiyo huufanya ufizi uvimbe kidogo, uwe mwekundu na uume ukiguswa. Wakati mwingine hutokea kivimbe cha rangi ya buluu au zambarau pale jino linapotaka kutokeza. Hicho ni majimaji au damu kidogo iliyokusanyika juu ya jino. Kisitumbuliwe, jino likitoka kinaisha chenyewe.

Kwa kawaida meno mawili ya mbele ya chini ndiyo hutangulia, karibu na mwezi wa sita. Wapo wanaoyaota mwezi wa nne, na wapo wanaotimiza mwaka wakiwa bado kibogoyo. Ya juu yakitangulia, si mkosi. Zamani mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mleta nuksi, na wapo waliotupwa au kuuawa kwa sababu hiyo tu. Walikuwa watoto kama wengine. Kinachohitaji daktari wa meno ni mtoto kufikisha mwaka na nusu bila hata jino moja.

Sasa tuje kwenye kutuliza. Kifaa cha kwanza ni kidole chako. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kucha ziwe fupi. Mpakate mtoto akiwa ameketi wima, mgongo wake ukiegemea kifua chako, ili mate yasimpalie. Pitisha kidole cha shahada juu ya ufizi wa chini, anzia katikati, nenda pembeni, rudi. Ukifika lilipo jino utajua: chini ya nyama laini pana ukingo mgumu. Bonyeza hapo polepole, shikilia kidogo, achia, rudia. Mwanzoni hukunja uso. Baada ya hapo wengi hukaza taya na kukitafuna kidole wenyewe, na kilio kinaanza kukatika. Mwache atafune. Mgandamizo huo ndio anaoutafuta anapong'ata ukingo wa kitanda, bega lako, au ngumi yake mwenyewe.

Ubaridi nao husaidia. Chukua kitambaa safi cha pamba, kilichofuliwa na kuchemshwa, kiloweshe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kikamue, ukiweke kwenye friji kwa muda. Kama hakuna friji, maji yaliyochemshwa na kulala mtungini yana ubaridi wa kutosha. Yateke kwa kikombe, usichovye kitambaa mtungini. Piga fundo upande mmoja ili mtoto apate pa kutafuna, nawe shika upande wa pili. Kijiko cha chuma kilichopozwa kinafaa kwa mtoto ambaye bado hana meno. Ukinunua pete ya mpira ya kutafuna, chagua iliyo kipande kimoja, isiyo na maji ndani, na usiigandishe kwenye friza, kwani kitu kilichoganda huumiza ufizi laini. Usimpe karoti mbichi, kipande cha muwa, wala mfupa wa kuku atafune. Fizi za mtoto zina nguvu ya kumega, lakini koo lake bado halijui la kufanya na kipande kilichomeguka.

Udenda ukichubua kidevu, futa kwa kugusisha kitambaa bila kusugua, kisha paka mafuta ya mgando. Mtoto anayeliacha ziwa akilia huenda anaumwa na kunyonya kwenyewe. Msugue fizi kwanza, halafu mrudishe kifuani. Usiku mgumu, paracetamol ya maji inaruhusiwa kwa mtoto aliyevuka miezi mitatu: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila dozi ipishane na nyingine kwa saa nne au zaidi, na isizidi mara nne kwa saa 24. Chupa hazifanani ukali, kwa hiyo mwulize mfamasia kiasi gani cha chupa yako kinamtosha mtoto wa uzito huo, na upime kwa kipimo kilichokuja na dawa, si kwa kijiko cha chai. Aspirini asipewe kabisa. Asali nayo isubiri mpaka atimize mwaka, hata ikiwa ni ya kupaka kwenye fizi tu, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga.

Kuhusu jeli za kuganzisha fizi, msimamo wangu ni mmoja: ziache dukani. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wazazi wasiwapake watoto dawa za meno zenye benzokaini, kwa kuwa inaweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Mate huisomba jeli yenyewe baada ya muda mfupi, hivyo mzazi hurudia kupaka, na kinachosombwa mtoto anakimeza. Mwaka huohuo FDA ilionya pia dhidi ya mikufu ya shanga inayovalishwa watoto wanaoota meno, baada ya mtoto wa miezi 18 kunyongwa na mkufu wake akiwa usingizini. Na Nigeria haijasahau mwaka 2008, pale dawa ya maji ya meno iliyoitwa My Pikin ilipochanganywa na kemikali yenye sumu inayoua figo. Watoto 84 walifariki. Walipewa dawa hiyo na mama zao, kwa mapenzi, kwa ajili ya maumivu ambayo yangeisha yenyewe.

Lakini homa je? Na kuharisha? Mwaka 2000 watafiti wa Cleveland Clinic nchini Marekani walichapisha matokeo ya kazi ya subira kubwa: wazazi wa watoto 125 waliandika kila siku joto la mtoto, dalili zake, na jino likitokea. Dalili ziliongezeka kuanzia siku nne kabla ya jino kutokeza hadi siku tatu baadaye: kutokwa udenda, kung'ata, kusugua fizi, kukasirika upesi, hamu ndogo ya chakula kigumu, joto kupanda kidogo. Homa kali, kutapika, kikohozi na kuharisha havikufungamana na meno.

Kwa nini basi tumeyaona yakienda pamoja vizazi na vizazi? Kwa sababu ya mwezi wa sita. Ndio mwezi ambao kinga aliyorithi kwa mama tangu tumboni inakuwa imepungua sana. Ndio mwezi anaoanza uji, pamoja na vikombe na vijiko vyake. Ndio umri wa kujifunza kukaa, na muda si mrefu kutambaa, akiokota kila kitu sakafuni na kukitia mdomoni. Anaharisha kwa sababu amemeza vijidudu, na jino linatokeza wiki hiyohiyo.

Kosa hilo si letu peke yetu. Mwaka 1839, takwimu za vifo za England na Wales ziliandika watu 5,016 waliokufa kwa "kuota meno", karibu wote watoto wadogo. Waliuawa na magonjwa mengine, na baadhi yao na tiba: fizi zilichanjwa kwa wembe, zikapakwa unga wenye zebaki.

Kwetu Afrika Mashariki kosa hilo lina jina la kisasa: meno ya plastiki, au meno ya nailoni, Uganda huyaita ebiino. Mtoto ana homa na anaharisha. Mganga anafunua mdomo, anaonyesha uvimbe mweupe pale zitakapoota chonge, anasema huo ndio ugonjwa. Anauchimbua kwa msumari, kisu, au spoki ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi. Kinachotoka ni kitu laini, cheupe, kidogo, na wengine huambiwa ni funza. Huo ni mche wa chonge, ambao bado haujawa mgumu kwa kuwa wakati wake haujafika. Chonge hutokeza kati ya miezi 16 na 23. Kila mtoto anao, mzima na mgonjwa. Mtoto aliyechimbuliwa anaweza kuvuja damu mpaka afe, kupata pepopunda, sumu ya damu, au virusi vya UKIMWI kutoka kwenye chuma kilichotumika kwa wenzake. Akipona, huenda chonge yake ya ukubwani ikaota imepinda au isiote kabisa. Na kuharisha kulikompeleka kwa mganga bado hakujatibiwa.

Bibi anayependekeza safari hiyo usimfokee. Ameona watoto wakifa kwa homa na kuharisha, na hofu yake ina msingi. Mwambie, "Bibi, twende wote zahanati kwanza, apimwe malaria." Mtoto anayeharisha aanzishiwe maji ya ORS nyumbani, aendelee kunyonya, na apewe zinki: kuanzia miezi sita ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Joto likifika nyuzi 38, au mtoto akiwa wa moto mwili mzima na huna kipimajoto, apelekwe siku hiyohiyo. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au kupoteza fahamu, aliyepata degedege, anayepumua kwa shida, mwenye macho yaliyobonyea au kinyesi chenye damu, huyo asisubiri kupambazuke.

Jino likishatokeza, linahitaji mswaki. Tumia mswaki laini wa mtoto, asubuhi na kabla ya kulala, na dawa ya meno yenye floraidi isiyozidi punje ya mchele. Na akikung'ata wakati wa kunyonya, usimvute kwa ghafla. Ingiza ncha ya kidole kwenye pembe ya mdomo wake, aachie, umpumzishe kidogo, kisha umrudishe.