Je, Wajua? Nyumba Inayotembelewa Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Siku hizi anayejenga Kitale au Bungoma, magharibi mwa Kenya, anaweza kuingia sebuleni mwake hata kabla fundi hajafika na jembe. Anafungua video kwenye simu: mlango unafunguka, kamera inapita ukumbini, inachungulia jikoni, inapanda ngazi hadi chumba cha kulala. Makochi yamepangwa, taa zinawaka, pazia linapepea. Kumbe kiwanjani bado ni nyasi. Kila kitu kimetengenezwa kwa kompyuta kutokana na ramani ya nyumba.

Watu wengi huitazama video hii kama pambo la kumshawishi mteja, na ni kweli mara nyingi hutumiwa hivyo. Lakini je, wajua kwamba ni kipimo pia? Ikifanywa kwa uangalifu hufichua kosa la nyumba wakati ambapo kulirekebisha ni kazi ya dakika chache kwenye skrini. Ikifanywa ovyo, huweza hata kuonyesha jua ambalo halijawahi kuwaka juu ya Trans Nzoia, kaunti ya Kitale.

Picha 1,440 kwa dakika moja

Mchoraji huanza na ramani. Huinua kuta kutoka kwenye mistari yake, akatoboa milango na madirisha, akaweka dari na paa. Ndani ya kompyuta kila umbo, hata mto wa kochi, ni wavu wa pembetatu ndogo ndogo zilizoshonwa pamoja. Kisha kila uso hupewa tabia yake: kigae king'ae, plasta ising'ae, kioo kipitishe mwanga. Baada ya hapo huwekwa jua na taa, na mwisho kamera huchorewa njia ya kupita.

Kazi nzito huja hapo. Video inayokwenda kwa fremu 24 kila sekunde huhitaji fremu 1,440 kwa dakika moja, na kila fremu ni picha kamili ambayo kompyuta lazima iikokotoe upya. Fremu moja ikichukua dakika 5, dakika moja ya video itachukua saa 120, yaani siku 5 usiku na mchana bila kupumzika. Ndiyo sababu wachoraji wazoefu huhifadhi kila fremu kama picha ya peke yake: umeme ukikatika usiku wa manane, kazi huendelea kesho yake kutoka pale ilipoishia.

Programu kama Lumion na Twinmotion hufupisha safari hiyo kwa kutumia mbinu za michezo ya kompyuta, ila hudai mashine yenye kadi ya picha ya nguvu. Blender, iliyoasisiwa na Mholanzi Ton Roosendaal, ilifanywa programu huria mwaka 2002 na hupatikana bila malipo. Imewafungulia mlango vijana wengi wasio na uwezo wa kununua leseni ghali.

Mwanga ulivyofundishwa kwa kompyuta

Kuchora ukuta si kazi ngumu kwa kompyuta. Kilichowasumbua wataalamu kwa miaka mingi ni mwanga. Jua likiingia dirishani haliangazi pale linapoanguka tu. Hugonga sakafu, likarukia ukutani, likapanda darini, na kila linapogonga hubeba rangi kidogo. Chumba chenye ukuta mwekundu huwa na dari inayoelekea wekundu, hata kama dari yenyewe imepakwa nyeupe.

Mwaka 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakiwa na Donald Greenberg, walitoa njia ya kukokotoa mwanga huo wa kurukaruka. Mfano waliotumia ulikuwa sanduku tupu lenye kuta za rangi tofauti, ambalo mpaka leo huitwa sanduku la Cornell. Hawakuridhika na picha kupendeza. Walijenga sanduku halisi, wakawaita watu walinganishe picha ya kompyuta na kitu chenyewe. Matokeo ya jaribio hilo yalichapishwa mwaka 1986, na mwaka huohuo James Kajiya akaandika mlinganyo mmoja wa mwanga ambao programu nyingi za leo bado zinautegemea.

Hapo ndipo sanaa hii ilipopata heshima yake. Picha iliwekwa kando ya kitu halisi, ikaulizwa kama inasema kweli.

Mwaka 1986 tena, Frederick Brooks wa Chuo Kikuu cha North Carolina alieleza mfumo wa kutembea ndani ya jengo ambalo halijajengwa. Jengo lenyewe lilikuwa Sitterson Hall, lililokusudiwa idara yake mwenyewe ya kompyuta. Picha zilikwenda polepole na kuta hazikuwa na urembo, lakini waliotarajia kuhamia humo waliona kwamba ukuta mmoja wa kutenga eneo la mapokezi ulibana nafasi. Kwenye karatasi haukuwa umemsumbua mtu. Walipowatembeza wasanifu ndani ya mfano huo, ukuta ulisogezwa.

Jua la Boulder juu ya Kitale

Sasa turudi kwetu. SketchUp, programu inayopendwa na wachoraji wengi wa ramani, ilizaliwa katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani. Katika matoleo yake ya zamani, mchoraji asipotaja mahali jengo lilipo, programu huchukulia kwamba liko Boulder. Boulder iko digrii 40 kaskazini mwa ikweta. Kitale iko digrii 1 tu, na Bungoma haifiki hata hiyo moja.

Tofauti hiyo huonekana sakafuni. Chukua dirisha linalotazama kusini, ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2.1 kutoka sakafuni. Mwishoni mwa Desemba, katikati ya mchana, jua la Boulder huwa limeinuka digrii 27 hivi. Mwanga wake hupenya sebuleni zaidi ya mita 4, ukatandaza mstari wa dhahabu hadi miguuni pa kochi. Tarehe hiyohiyo Kitale, jua huwa limeinuka zaidi ya digrii 65. Dirisha lilelile huingiza mwanga chini ya mita 1, na ukingo wa paa huupunguza tena. Mteja aliyependa sebule angavu kwenye video atahamia nyumba yenye sebule ya kivuli, asijue alipopotelea.

Kuna jingine. Boulder jua la mchana huwa kusini mwaka mzima. Kitale na Bungoma, kuanzia siku chache baada ya tarehe 20 Machi hadi karibu tarehe 20 Septemba, jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Video inayoonyesha mwanga wa kusini mwezi wa Juni imetengenezwa kwa anga ya wengine.

Hatari ya kweli kwa nyumba zetu hutoka magharibi. Saa moja kabla ya machweo jua huwa limebakiza kama digrii 15 kufika upeo wa macho. Kwa dirisha lilelile la mita 2.1, miale yake huweza kufika karibu mita 8 ndani, nao ukingo wa paa wa kawaida hauizuii. Chumba cha kulala kinachotazama magharibi hupokea joto la jua hilo kila jioni yenye anga wazi, na watoto wanaosomea kwenye meza iliyo upande huo hufumba macho. Fremu moja tu ya saa 11:40 jioni ingetosha kuonyesha hayo, lakini wachoraji wengi huchagua saa ile ambayo picha inapendeza.

Hata saa ina mtego wake. Saa za Kenya hupimwa kwa mstari wa longitudo ya digrii 45 mashariki, ambao hauigusi Kenya kabisa. Kitale iko digrii 35. Kwa hiyo kwa wastani jua hufika kilele chake saa 6:40 mchana. Mchoraji anayetaka kivuli sahihi huandika kwenye programu mahali, tarehe na saa, vyote vitatu.

Kamera inayonyoosha chumba

Baada ya jua, chunguza kamera. Lenzi ya milimita 18 humeza digrii 90 za upana, na ukuta wa mbali hurudi nyuma kana kwamba sebule ni ukumbi wa mikutano. Lenzi ya milimita 24 humeza kama digrii 74; nayo hudanganya kidogo, lakini haipotoshi sana. Kimo cha kamera kutoka sakafuni nacho ni jambo la kuangalia. Mtu aliyesimama huona kutoka sentimita 150 hadi 160 hivi. Kamera ikipita chini ya kiuno, dari huonekana iko mbali, na ikielea juu ya makabati, jikoni huonekana pana. Mwendo pia: mtu anayetembea havuki mita 4 za sebule kwa sekunde moja. Kamera ikienda mbio hivyo, macho huambiwa mwili unakimbia huku mwili umetulia, na mtazamaji huhisi kizunguzungu. Kasi hiyohiyo humnyima nafasi ya kuona kwamba mlango wa bafu unagonga sinki.

Halafu chunguza vipimo. Ramani ikipima mita 4 kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta, kuta za sentimita 20 zikisimama chumba hubaki mita 3.8, na plasta hula sentimita nyingine chache. Sasa panga makochi ya viti saba, yenye kina cha sentimita 90, pande mbili zinazotazamana. Katikati weka meza ya upana wa sentimita 60. Kila upande umebakiwa na sentimita zisizofika 70 za kupitisha miguu, mgeni, na anayeleta chai. Samani zinazokuja na programu hizi aghalabu ni za vyumba vya Ulaya: kochi moja jembamba, kiti kimoja, na zulia. Zikiachwa hivyo, nafasi huonekana tele.

Nyumba ijaribiwe na wenyewe

Nyumba ya Bungoma haikaliwi na watu wanne tu. Kila mwaka wa shufwa, kama 2022 na 2024, mwezi wa Agosti ni msimu wa tohara kwa jamii ya Wabukusu, na jamaa hujaa boma zima. Kuna matanga, kuna harusi, kuna mikutano ya ukoo. Mchoraji makini huweka miili ya watu 20 ndani ya sebule ya kompyuta, akaangalia kama kuna njia kutoka mlangoni hadi jikoni. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Baada ya mavuno, magunia ya kilo 90 hutafuta pa kukaa. Kama video haina stoo, magunia yatakaa ukumbini pale kamera ilipopita kwa madaha. Jikoni nako, sufuria ya ugali wa wageni huhitaji mahali pa kusongea na moshi huhitaji pa kutokea.

Ukosoaji wa aina hii hauhitaji shahada ya usanifu. Mama anayepika, mzee anayetembea na mkongojo, na fundi aliyejenga nyumba nyingi, kila mmoja ana jambo analoliona mapema kuliko mchoraji. Kwa mtu anayefanya kazi Nairobi au Doha huku akijenga nyumbani, kikao cha jamaa hao mbele ya video moja kina thamani kubwa kuliko ripoti nyingi za simu. Wanafunzi wa ujenzi Kitale National Polytechnic na chuo cha Sang'alo wangefaidika pia kama kila video ya darasani ingetazamwa mara mbili: kwanza kwa uzuri wake, kisha kwa rula na saa.

Kwa hiyo ukiletewa video ya nyumba yako, omba mambo manne. Omba mahali pa jengo paandikwe kwenye programu. Omba fremu za asubuhi, mchana na jioni, za Juni na za Desemba. Omba mwonekano wa mtu aliyeketi kochini na wa aliyesimama jikoni, kwa lenzi isiyonyoosha chumba. Omba samani zako, kwa vipimo vyake. Mchoraji atakayeyapokea maombi hayo kwa moyo mweupe, akarudi na video isiyopendeza kama ya kwanza lakini inayosema kweli, amekufanyia kazi kubwa. Mlipe vizuri, kisha mwite fundi.