Kanisa, Sinagogi, Msikiti: Jengo Moja la Brick Lane

Mashariki mwa jiji la London, penye kona ya mitaa ya Brick Lane na Fournier, lipo jengo la matofali lililosikia dua za dini tatu. Leo ni Brick Lane Jamme Masjid. Kabla ya hapo lilikuwa sinagogi. Na walioweka msingi wake hawakuwa Mayahudi wala Waislamu.

Lilijengwa mwaka 1743 na Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa ambao Mfalme Louis XIV aliwafutia uhuru wa kuabudu mwaka 1685. Wengi wao mtaani hapo walikuwa wafumaji wa hariri. Mwaka 1809 liliingia mikononi mwa jumuiya ya Kikristo iliyokusudia kuwabadili Mayahudi dini. Mwaka 1819 likawa la Wamethodisti. Ajabu ni kwamba mwaka 1898 Mayahudi wenyewe, waliokimbia mateso katika Dola ya Urusi, waliligeuza kuwa sinagogi. Wajukuu wao walipohamia vitongoji vya mbali, safu zilipungua, milango ikafungwa. Mwaka 1976 ilifunguliwa tena na Waislamu wenye asili ya Bangladesh, ambao wengi wao, kama waliowatangulia, waliishi kwa sindano na kitambaa.

Jengo limewezaje kuwafaa wote? Jibu limo katika usanifu wake. Wahugenoti walitaka ukumbi mpana, usio na sanamu, wenye madirisha marefu ya kuingiza nuru, ili kila mtu asikie mahubiri. Ukumbi wa namna hiyo haukumkwaza Myahudi, wala haumkwazi Mwislamu. Mnara wa chuma king'aacho uliongezwa kando yake katika karne hii. Kuta za kale ziliachwa.

Juu ya ukuta wa upande wa Fournier ingalipo saa ya jua ya mwaka 1743, na maandishi ya Kilatini yanayosema kuwa sisi ni kivuli. Hakuna aliyeyafuta.

Ndugu msomaji, aya ya 40 ya Suratul Hajj inazitaja pamoja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti, ambamo jina la Mwenyezi Mungu hutajwa kwa wingi. Waliotutangulia walitunza amana ile hata ikatufikia. Nasi tu wapangaji. Swali ni katika hali gani tutaikabidhi.