Mchezo wa Zamani Hurudi Vipi?

Mwezi Februari 2017, katika maonyesho ya simu mjini Barcelona, kampuni ya HMD Global ya Ufini ilionyesha simu ndogo ya vitufe iliyopewa jina la simu ya mwaka 2000: Nokia 3310. Wakati huo maduka yalikuwa yamejaa simu za kioo cha kugusa, zenye uwezo ulioizidi simu hiyo kwa mbali sana. Hata hivyo habari zake zilienea duniani, na jambo lililotajwa karibu kila mahali ni kwamba mchezo wa nyoka umerudi.

Lakini nyoka huyo hakuwa yule yule. Yule wa mwaka 2000 alikuwa mstari mweusi uliotambaa katika kioo chenye nukta 84 kwa 48, yaani nukta 4,032 tu kwa jumla. Huyu wa 2017 alikuwa na rangi, na uwanja wake ulikuwa na vitu ambavyo yule wa kwanza hakuvijua. Hapa pana fumbo. Ikiwa watu walimtamani nyoka wa zamani, mbona hawakupewa huyo huyo? Na ikiwa amebadilishwa, mbona kila aliyewahi kumcheza alimtambua mara moja?

Watengenezaji wa michezo ya video hukutana na fumbo hili kila mara, kwa kuwa baadhi ya michezo yao imetolewa kwa mfululizo, toleo baada ya toleo, kwa muda wa miaka 30 au 40. Lakini fumbo si lao peke yao. Wachezaji wa bao katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa wanalo jibu lake mikononi mwao, pengine bila kulitambua. Na kama tutakavyoona, jibu hilo lina thamani kubwa zaidi kwao kuliko kwa kampuni yoyote ya simu.

Kumbukumbu ya mkono

Hamu ya mambo yaliyopita ilianza kuandikwa katika vitabu vya tiba kama ugonjwa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurudi nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu, akaitaja hali ya Waswisi waliokaa ugenini, miongoni mwao askari, wakadhoofika kwa kuikumbuka nchi yao. Siku hizi wanasaikolojia hawaihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa. Wameonyesha pia kwamba mtu mzima anapotakiwa kusimulia maisha yake, hukumbuka mambo mengi zaidi ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 kuliko ya miaka mingine. Basi si ajabu kwamba mchezo uliochezwa shuleni hushika moyo kuliko ule uliochezwa uzeeni.

Lakini yatupasa kutofautisha aina mbili za kumbukumbu. Ya kwanza ni ya matukio: nani alikuwapo, ilikuwa wapi, ilikuwa lini. Ya pili ni ya ustadi, nayo hukaa katika matendo ya mwili. Mtu asukaye ukili hawezi kukueleza kwa maneno kila kidole kinapita wapi. Mpe miyaa, naye atakuonyesha. Kumbukumbu ya namna hii hutegemea sehemu za ubongo zilizo mbali na zile zitunzazo matukio, hasa ubongo mdogo ulioko kisogoni, pamoja na viini vilivyo katikati ya ubongo. Hudumu muda mrefu sana. Aliyemwongoza nyoka kwa vitufe vya 2, 4, 6 na 8 anaweza kuisahau rangi ya simu yake, lakini kidole gumba hakisahau.

Kama mambo yangekuwa yameishia hapo, njia rahisi ingekuwa kuurudisha mchezo kama ulivyokuwa bila kugusa kitu. Wengi wamejaribu, na aghalabu mchezaji hufurahi kwa dakika chache kisha akauweka kando. Sababu yake imo katika utafiti wa Wolfram Schultz na wenzake katika miaka ya 1990. Walipima chembe za ubongo wa nyani zitoazo kemikali iitwayo dopamini. Nyani alipopewa maji ya matunda bila kutarajia, chembe hizo ziliamka kwa nguvu. Baada ya kuzoea kwamba taa ikiwaka maji yanafuata, ziliamka taa ilipowaka, na maji yenyewe hayakuziamsha tena. Kwa maneno mengine, chembe hizi hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Mchezo ambao tumekwisha kuujua wote hautuletei tofauti hiyo.

Basi mtengenezaji amebanwa pande mbili: asipobadilisha kitu, mchezo hauna jipya, akibadilisha mno, mkono hauutambui. Maoni yangu ni kwamba waliofaulu ni wale walioacha mkono ufanye kazi yake ya zamani, lakini wakaupa uamuzi mpya wa kufanya.

Nyoka ni mfano mzuri kwa udogo wake. Mzizi wake ni mchezo wa mashine uitwao Blockade wa mwaka 1976, ambamo wachezaji wawili waliacha ukuta nyuma yao. Mwaka 1997 Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia, aliuingiza mchezo wa jinsi hiyo katika simu ya 6110. Katika toleo la Armanto ukigonga ukingo umekufa. Katika toleo la pili, lile la 3310, nyoka aliweza kupita ukingo wa kulia akatokea wa kushoto. Viliongezwa viwanja vyenye kuta ndani, na vidudu vya kuwahiwa kabla havijatoweka. Vidole havikujifunza kitu kipya. Lakini ukingo, uliokuwa kifo, sasa ulikuwa njia ya kukimbilia, na mchezaji alilazimika kufikiri upya.

Ndani ya simu hiyo hiyo ya 3310, karibu na nyoka, mlikuwa na mchezo mwingine ambao wengi hawakuufungua mara nyingi. Uliitwa Bantumi. Ulikuwa na safu mbili za vishimo na mbegu za kugawa moja moja, nao ni wa ukoo wa bao.

Bao na ndugu zake

Ukoo huo umeenea Afrika nzima na kuvuka mipaka yake. Kanuni mama ni moja: chota kete zote za shimo moja, kisha uzigawe moja moja katika mashimo yanayofuata. Juu ya kanuni hiyo watu wamejenga michezo mingi. Omweso wa Uganda una safu nne za mashimo manane na kete 64 kama bao letu, lakini wachezaji huweza kuzipanga kete zao wapendavyo kabla ya kuanza. Bawo ya Malawi yakaribiana mno na bao la Kiswahili. Huko Marekani, katika miaka ya 1940, William Julius Champion alibuni mchezo wa safu mbili aliouita Kalah, ambamo kete zilizoliwa huwekwa ghalani na hazirudi tena uwanjani. Michezo mingi ya simu iitwayo mankala hufuata kanuni za Kalah.

Bao la Kiswahili linastahili kutazamwa kwa makini, kwani limejengwa kwa ngazi. Mtoto huanza na bao la kujifunza. Kila shimo kati ya mashimo 32 hutiwa kete mbili, na mchezo huanza mara moja kwa kuchota na kugawa. Akishaukomaza mkono, hupelekwa kwenye bao lenyewe. Hapa kila mchezaji huweka kete 10 tu: 6 katika nyumba, ambayo ni shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Zile 22 zilizobaki hukaa akibani. Ndipo huanza namua: kila zamu mchezaji huingiza kete moja kutoka akibani, na akiweza kula, sharti ale. Kete zilizoliwa hazitoki mchezoni, bali hugawiwa upande wa mlaji kuanzia kichwani. Akiba zikikwisha, mchezo huingia hatua ya mtaji, na kete huchotwa uwanjani tu, kama alivyozoea mtoto katika bao la kujifunza. Ashindwaye ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au aliyekosa namna ya kucheza.

Tazama kilichobadilika na kisichobadilika. Ubao ni ule ule, kete ni zile zile 64, na mkono hugawa vile vile. Lakini kete 44 sasa huingia moja moja kutoka nje, na kila moja yaweza kuuvuruga mpango uliowekwa zamu iliyopita. Kisha ipo nyumba. Mchezaji aliyekula katika namua, ugawaji wake ukaishia katika nyumba yake iliyo bado na akiba, ana hiari ya kukomea hapo au kuibomoa na kuendelea na safari. Hiari hiyo moja imewafanya watu kubishana barazani tangu alasiri mpaka magharibi. Mwalimu Nyerere, aliyejulikana kwa kulipenda bao, bila shaka aliielewa ladha ya mabishano ya namna hiyo.

Hivyo mchezaji wa bao huona upya ndani ya mchezo aliouzoea, wala hakuna kampuni iliyoketi ikapanga jambo hilo.

Kampuni zinapofanya kazi hiyo

Kampuni kubwa za Japani zimefikia matokeo yanayofanana na hayo kwa gharama nyingi. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikuwa ya kukimbia kuelekea kulia na kuruka. Mwaka 1996 Mario aliingizwa katika ulimwengu wa pande tatu, na mchezaji alilazimika kuufundisha mkono wake upya. Miaka 10 baadaye Nintendo ilirudi kwenye mwendo wa ubavuni katika New Super Mario Bros., lakini ikaongeza miruko na nguvu ambazo toleo la 1985 halikuwa nazo. Zikauzwa nakala zaidi ya milioni 30. Mfululizo wa Zelda ulirudi kwa njia nyingine. Toleo la 1986 lilimwacha mchezaji azurure atakako, ila matoleo ya baadaye yalizidi kumpangia njia. Walipotengeneza lile la 2017, Breath of the Wild, wabunifu walijenga kwanza kielelezo cha majaribio kilichofanana na mchezo wa 1986, chenye picha bapa, ili wazipime kanuni kabla ya kushughulikia sura. Kilichorudi humo ni uhuru wa kuamua uende wapi. Sura haikufanana hata kidogo.

Katika vibanda vya gemu vya miji yetu, vijana wanaujua upande wa pili wa jambo hili. Mfululizo wa FIFA, ulioanza 1993 na kuchukua jina la EA Sports FC mwaka 2023, hubadilisha timu na sura kila mwaka huku vitufe vya pasi na shuti vikibaki karibu vilevile. Mwaka 2021 mpinzani wake, Pro Evolution Soccer, alibadilishwa jina na misingi yake ya ndani kwa pamoja, na toleo la kwanza la eFootball likalaumiwa vikali na wachezaji wa miaka mingi.

Sasa turudi kwenye bao. Kanuni zake hupita kwa mdomo na kwa mkono, kutoka kwa mzee hadi kwa kijana aliyeketi karibu naye. Kijana wa leo akikutana na ukoo huu kwanza katika simu, yaelekea atakutana na Kalah, ambamo hamna namua, wala nyumba, wala kete inayoliwa ikarudi kupigana upande wa pili. Atakapokuwa na miaka 50, mkono wake utakuwa na hamu ya mchezo huo, si ya bao. Hamu haiwezi kurudisha kanuni ambazo mkono haukuzipata. Kwa sababu hiyo, mtaalamu wetu wa programu atakayetengeneza bao la simu asianze na michoro ya minazi na ngoma. Aanze na namua, hata kama ni ngumu kumweleza mgeni, na bao la kujifunza aliweke kama mlango.

Jaribio la darasani

Mwalimu wa sekondari aliyeko Mkotokuyana anaweza kuupima ukweli wa maneno haya bila umeme. Wanafunzi wachimbe mashimo 32 mchangani, wachukue korosho 64 zenye maganda au kokoto za ukubwa mmoja, na waalike wazee wawili wanaolijua bao la Kiswahili. Siku ya kwanza wazee wacheze kama walivyozoea. Siku zinazofuata ibadilishwe kanuni moja tu kwa siku: leo iondolewe hiari ya nyumba, kesho namua ianze na akiba ya kete 12 badala ya 22, huku zile 10 za ziada zikigawiwa safu ya nyuma, na keshokutwa kete zilizoliwa ziwekwe kando kama katika Kalah. Siku moja mashimo yachimbwe kwa umbo jingine bila kugusa kanuni yoyote, ili kulinganisha. Mwanafunzi mmoja apime muda wa kila zamu kwa saa, mwingine ahesabu zamu mpaka mwisho wa mchezo, na wa tatu aandike maneno ya wachezaji, hasa pale mzee atakapousimamisha mkono katikati ya ugawaji na kusema kwamba hili si bao. Kanuni iliyokuwa imeguswa wakati huo ipigiwe mstari.