Trojani kompyutani: Namna ya kuing'oa bila kupoteza faili zako

KOMPYUTA ya nyumbani inapoanza kujivuta, kujifungulia kurasa ambazo hukuziomba au kukataa kufungua programu ya ulinzi, wakazi wengi wa Kabazi, kaunti ya Nakuru, hufanya mojawapo ya mambo mawili. Ama huibeba hadi kwa fundi mjini Nakuru na kumwachia pamoja na siri zote zilizomo, ama humwomba kijana wa jirani afute kila kitu na kuanza upya.

Njia zote mbili zina gharama. Katika ya kwanza, mgeni hupewa nafasi ya kusoma barua na akaunti zako. Katika ya pili, hesabu za maziwa na kahawa, picha za harusi na nakala za hati za shamba hupotea kwa dakika chache.

Ipo njia ya tatu. Mara nyingi mtu mtulivu anaweza kuing'oa trojani kwa mkono wake, mradi ajue inakojificha, na ajue pia ni wakati gani wa kukubali kwamba kuing'oa hakutoshi.

Kikulacho ki nguoni mwako

Trojani imepewa jina kutokana na hekaya ya farasi wa mbao ambaye watu wa mji wa Troya walimwingiza wenyewe ndani ya kuta zao, bila kujua kwamba amebeba maadui. Tofauti na kirusi cha kawaida, ambacho hujinakili kutoka faili moja hadi nyingine, trojani husubiri kukaribishwa.

Hukaribishwa kwa njia tunazozijua. Huja ndani ya programu ya kuvunja kufuli ya Windows katika kompyuta ya mtumba, ndani ya barua pepe inayojifanya risiti au notisi ya kodi, au katika flashi iliyochomekwa kwenye saiba.

Ikishaingia, yaweza kunasa kila herufi unayobonyeza, kuiba nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari au kumfungulia mlango mtu aliye mbali. Hatari hiyo si ndogo kwa familia ambayo hutumia mashine hiyo hiyo kuwasilisha ritani za kodi kwenye iTax, kuomba stakabadhi za serikali kupitia eCitizen na kuingia katika akaunti ya benki.

Funzo la mwaka 1989

Trojani mojawapo ya kwanza kutikisa dunia ilihusishwa na mtu aliyeijua Kenya. Mnamo Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London hadi nchi nyingi, zikidai kubeba maelezo kuhusu Ukimwi. Aliyeshtakiwa, Mmarekani Joseph Popp, alikuwa mwanabiolojia aliyewahi kufanya utafiti wa nyani humu nchini. Mwaka 1991 mahakama ya Uingereza iliamua kuwa hali yake ya akili haikumruhusu kukabili kesi.

Programu hiyo ilibadilisha faili iliyoitwa AUTOEXEC.BAT, ambayo kompyuta za wakati huo ziliisoma kila zilipowashwa. Ikatulia ikihesabu. Mashine ilipowashwa takriban mara ya 90, ilivuruga majina ya faili, ikaficha folda na kudai dola 189 zitumwe kwa sanduku la posta nchini Panama.

Mtaalamu wa Uingereza, Jim Bates, aliichunguza na kugundua kwamba yaliyovurugwa ni majina tu; yaliyomo ndani ya faili hayakuguswa. Aliandika programu za kuiondoa na kurejesha majina hayo. Lakini iliripotiwa kwamba shirika moja nchini Italia lilikuwa limekwisha kufuta diski zake kwa hofu, na kupoteza kazi ya miaka 10.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, haraka yaweza kuharibu kuliko trojani yenyewe. Pili, trojani inayotaka kudumu lazima itafute mahali pa kuamkia kompyuta inapowashwa, na hapo ndipo pa kuitafutia.

Hatua za kuing'oa

Kwanza, kata intaneti. Chomoa waya, zima Wi-Fi na hotspot ya simu. Usiingie katika benki wala barua pepe kwa kutumia mashine hiyo.

Pili, nakili hati na picha zako kwenye diski ya nje. Usinakili programu, hasa faili zinazoishia kwa .exe, kwa sababu huenda ukahamisha ugonjwa pamoja na mgonjwa.

Tatu, washa kompyuta katika hali ya Safe Mode, ambayo huamsha sehemu za lazima pekee. Katika Windows 10 na 11, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Restart. Kisha chagua Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings na Restart, halafu ubonyeze 4. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wake karibu.

Nne, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager. Tazama majina ya programu zinazoendelea. Trojani hupenda kuiga: svchost.exe halali huishi katika folda ya System32 au SysWOW64 ndani ya Windows, lakini scvhost.exe iliyo ndani ya Temp au AppData ni ya kutiliwa shaka. Hata hivyo, programu kadhaa halali pia hukaa AppData, kwa hivyo tafuta jina hilo kwa simu kabla ya kuhukumu.

Tano, kagua mahali pa kuamkia. Anza na sehemu ya Startup katika Task Manager, kisha Task Scheduler, halafu sajili ya Windows, ambayo hufunguliwa kwa kuandika regedit. Humo, angalia ufunguo wa Run chini ya Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion, katika HKEY_CURRENT_USER na pia HKEY_LOCAL_MACHINE. Hifadhi nakala ya sajili kabla ya kugusa chochote. Programu ya bure ya Microsoft iitwayo Autoruns huonyesha sehemu hizi zote pamoja. Ipakue kwa kompyuta nyingine iliyo safi.

Sita, fuata utaratibu: simamisha programu hasidi, ondoa kiamsho chake, ndipo ufute faili yenyewe. Ukifuta faili huku mwenzake angali hai, itarudishwa.

Saba, safisha mabaki. Ondoa viongezo usivyovijua katika kivinjari, akaunti ngeni za watumiaji na programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali ambazo hukuziweka. Kisha washa mashine kwa njia ya kawaida, rudisha intaneti, sasisha Microsoft Defender na uamuru ukaguzi wa Offline, ambao hufanyika kabla Windows haijaamka na huchukua takriban robo saa.

Kwa flashi ambayo folda zake zimegeuka kuwa njia za mkato, usizibofye. Ikiwa flashi inaonekana kama E, fungua Command Prompt na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Folda halisi zitajitokeza, nawe ufute njia za mkato pamoja na faili ngeni.

Kuing'oa si mwisho

Mwizi aliyekwisha kunakili ufunguo hazuiwi na kufukuzwa uani. Kwa kutumia kifaa kingine kilicho safi, badilisha nywila ya barua pepe kwanza, maana anayeishika aweza kuzigeuza nyingine zote. Kisha zifuate za benki, iTax na eCitizen. Washa uthibitisho wa hatua mbili, na uiarifu benki yako.

Ipo siku ya kukubali kushindwa. Ikiwa trojani inarudi kila unapowasha, ikiwa Defender haifunguki, au ikiwa umeona kipanya kikijiendesha, hifadhi hati zako, futa diski yote na uweke Windows mpya kutoka chanzo halali. Na ikiwa faili zimefungwa kwa msimbo na unadaiwa fidia, kumbuka kwamba kuing'oa trojani hakutazifungua. Nakala uliyoiweka kando ndiyo tegemeo.

Wenye Windows 10 wana sababu ya ziada ya kuwa macho, kwani Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida kwa toleo hilo mnamo Oktoba 14, 2025.

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni inamtambua anayeingia katika kompyuta ya mwenzake bila idhini kuwa mhalifu, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au zote mbili. Aliyeibiwa anaweza kupiga ripoti kwa polisi, na pia kuarifu kituo cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya skrini kwa simu: huenda ikawa ndiyo ushahidi pekee utakaobaki.